Kifaranga Mgonjwa Naye Ana Haki Yake Nyumbani



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wiki hii naomba nizungumzie jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo mno kwa ukurasa huu, nalo ni vifaranga na ndege wagonjwa tulio nao majumbani mwetu.

Kila inapokaribia Idd, wazazi wengi wa huku Nyamirambo na Biryogo huwanunulia watoto vifaranga. Kifaranga wa siku moja hana bei kubwa, hasa akiwa dume la kuku wa mayai ambalo mwenye mashine ya kutotolesha hana kazi nalo. Mtoto anafurahi, anampa jina, anataka kulala naye. Siku ya tatu kifaranga anasinzia mchana kutwa, siku ya nne amekufa, na mtoto akilia anaambiwa: “Nyamaza bwana, ni kuku tu, tutanunua mwingine.” Madrasa inapofunguliwa baada ya likizo nawasikia watoto wakihesabiana vifaranga waliokufa kama wanavyohesabiana peremende walizokula.

Mimi nina ugomvi na neno hilo la “ni kuku tu”. Tena si ugomvi wa huruma peke yake, ni ugomvi wa fiqhi.

Katika vitabu vya madhehebu ya Imamu Shafi'i, katika mlango wa nafaqah (si nafaka ya mahindi, ingawa kwa kuku mambo yanakaribiana), baada ya kutajwa matumizi ya mke, watoto na wazazi, hutajwa pia matumizi ya wanyama. Hukumu ni kwamba mwenye mnyama ni wajibu kwake kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hakimu humlazimisha achague moja: amlishe, amuuze, au kama ni mnyama anayeliwa, amchinje. Kumwacha afe taratibu kwenye boksi nyuma ya mlango halimo katika hayo matatu. Bahati mbaya mlango huu uko mbali sana ndani ya kitabu, na vijana wetu wengi huacha madrasa wakiwa bado wako kwenye tohara na swala. Ndiyo maana tuna watu wazima wanaojua mambo yote yanayotengua udhu lakini hawajui kwamba kuku aliyefungwa bila maji ni deni shingoni mwao.

Hadithi ya yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka, iliyomo katika Bukhari na Muslim, sote tunaijua. Lakini tuiangalie vizuri. Mwanamke yule hakulaumiwa kwa kufuga. Alilaumiwa kwa kumfungia paka bila kumpa chakula wala kumwachia atoke ajitafutie wadudu wa ardhini. Maana yake kufuga kunaruhusiwa, ila ukishamfungia kiumbe mlango, riziki yake imekuwa mkononi mwako. Na kifaranga uliyemtenga na mama yake umemfungia vitu vitatu kwa mara moja: chakula, maji na joto. Hicho cha tatu ndicho watu wanachosahau.

Kigali iko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 15 au 16. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha kila wiki unapunguza kiasi cha nyuzi 3 mpaka aote manyoya kamili, yaani wiki ya tano au ya sita. Hesabu hiyo fanyeni wenyewe. Kifaranga aliyelazwa sebuleni bila chanzo cha joto, kwa usiku wa Kigali, ni kama mtoto mchanga aliyelazwa nje. Wengi wanaodhaniwa wamekufa kwa “ugonjwa” wamekufa kwa baridi.

Huhitaji mitambo. Chukua boksi la karatasi, toboa matundu ya hewa juu, tandika maranda makubwa ya mbao au pumba za mchele, na siku mbili tatu za mwanzo funika juu yake kwa kitambaa kikavu ili wasile maranda. Upande mmoja weka chupa au kidumu cha maji ya moto kilichofungwa taulo, na badilisha maji kila baada ya saa mbili au tatu. Upande wa pili uache bila joto ili kifaranga achague mwenyewe pa kukaa. Kama huna kipimajoto, wao wenyewe ni kipimajoto. Wakirundikana na kupiga kelele, wana baridi. Wakikimbia chanzo cha joto na kuhema midomo wazi, umewachoma. Wakitawanyika, wanakula na kusinzia kidogo kidogo, umepatia. Wenye umeme na taa ya balbu sawa, ila siku umeme ukikatika uwe na kidumu tayari.

Jambo moja nawasihi sana: imbabura ya makaa isiwekwe ndani ya chumba kilichofungwa ati kwa ajili ya vifaranga. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, inaua ndege kwanza kwa kuwa mapafu yao ni mepesi mno, na baada yao watu waliolala.

Kifaranga akija dhaifu, mpashe joto kwanza kabla ya kumlisha, kwani kifaranga mwenye baridi hawezi kusaga chakula. Akishapata joto mpe maji ya uvuguvugu yenye sukari, vijiko viwili vya chakula kwa lita, siku ya kwanza tu. Mchovye ncha ya mdomo, atameza mwenyewe. Usimmiminie kooni, kwa sababu tundu la pumzi la ndege liko pale pale nyuma ya ulimi na maji yataingia mapafuni. Kisahani cha maji kitie vijiwe asizame. Ya chakula yasikutie wasiwasi mno siku ya kwanza, maana Mwenyezi Mungu amemjaalia kiini cha yai tumboni kinachoweza kumtosha siku mbili hivi tangu aanguliwe. Baada ya hapo anahitaji chakula cha vifaranga. Unga wa mahindi peke yake unashibisha bila kujenga mwili. Ukikwama usiku, kiini cha yai la kuchemsha kilichopondwa kinafaa, na wanaocheka kwamba kuku anakula yai waacheni wacheke.

Tazama nyuma yake kila siku. Mara nyingi kinyesi hukauka na kuziba njia, naye hufa kwa kushindwa kujisaidia. Lowesha kwa pamba na maji ya uvuguvugu mpaka kilainike, usikibandue kwa nguvu ukachana ngozi, kisha mkaushe kabisa. Mwenye miguu iliyotanuka pembeni kama mkasi uliofunguliwa, mara nyingi sababu ni gazeti au sakafu inayoteleza. Mfunge miguu miwili kwa kipande cha bandeji laini, iachane kwa upana wa kawaida wa kusimama, umwekee chini panaposhika. Akiwahiwa siku za mwanzo wengi hupona kwa siku chache.

Vifaranga wa wiki ya tatu hadi ya sita wakianza kujikunyata na kuharisha damu, hapo pana koksidia, ugonjwa wa vijidudu vinavyostawi kwenye matandiko yenye unyevu. Dawa ipo, ya kutia kwenye maji, lakini mwulize veterineri wa sekta kipimo chake, na badilisha matandiko siku hiyo hiyo. Dawa juu ya matandiko mabichi ni kufagia huku unamwaga.

Sasa nije kwenye linalonikera zaidi. Kuna mama mmoja mtaani kwetu aliniletea chupa ya maji nimsomee kwa ajili ya kuku wake waliokuwa wakifa mmoja mmoja, shingo zimepinda na kinyesi cha kijani. Nilimsomea, kwani dua haina ubaya. Kisha nikamuuliza: “Dada, hawa umewachanja?” Akanitazama kama nimemuuliza kuhusu mwezini. Ule ulikuwa kideri, ambao huku kwetu wengi wanauita umuraramo. Ugonjwa huo hauna tiba. Si mshubiri, si pilipili, si kitunguu saumu, si kombe. Una kinga, nayo ni chanjo, na zipo za kudondosha jichoni tone moja tu. Kwa kuku wa kienyeji hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na huchanjwa walio wazima, si walioanza kuumwa. Tatizo ni kwamba kichupa kimoja huwa na dozi mia au mamia, na mama mwenye kuku sita anaona ni hasara. Basi majirani kumi wa mtaa mmoja wachangie, wamwite veterineri siku moja, wamalize. Yule bedui aliyeuliza kuhusu ngamia wake aliambiwa na Mtume (s.a.w.) amfunge kisha ategemee, kama alivyopokea Tirmidhi. Chanjo ndiyo kamba yetu. Tunachangia harusi kila wiki, tunashindwa kuchangia tone la jicho?

Na mkinunua kuku mpya sokoni, msimtie bandani siku hiyo. Atengwe wiki mbili, na anayewahudumia aanze na wa zamani, amalizie na mgeni. Katika Sahihi Bukhari yamo makatazo ya mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa mwenye ngamia wazima. Hili tumelipata zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, na bado tunalisoma kama habari za ngamia tu.

Baya kuliko yote ni hili: kuku wakianza kufa, wale watatu waliobaki wanapelekwa sokoni asubuhi na mapema kabla shingo hazijapinda. Ndugu zangu, huo ni ushi, ni udanganyifu. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta ubichi chini yake, akamkemea mwenye mali na kumwambia kwamba mdanganyifu si katika sisi. Imo katika Muslim. Kuku mwenye ugonjwa ni ule ubichi wa chini ya rundo, na zaidi, kwa sababu ubichi hauambukizi banda la mnunuzi. Najua mwenye kuuza hivyo mara nyingi ni mama anayetafuta ada ya shule ya mwanawe. Simdharau, na shida yake ni ya kweli. Lakini anayenunua naye ni mama mwenye ada ya shule, na wiki ijayo banda lake ndilo litakalokuwa tupu. Wakifa wengi kwa ghafla, arifuni veterineri kabla ya chochote. Mwaka 2017 jirani zetu wa Uganda walipatwa na homa ya ndege kandokando ya Ziwa Victoria, na maradhi ya namna hiyo hayasimami mpakani kuonyesha pasipoti.

Vilevile acheni kufungua kapsuli za antibaiotiki za binadamu na kuzimimina kwenye maji ya kuku. Kideri ni kirusi, antibaiotiki haikiui. Unachofanya ni kuwafundisha vijidudu vingine kuizoea dawa ambayo kesho utaihitaji kwa mtoto wako. Na hata dawa iliyotolewa na daktari wa mifugo ina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye pakiti. Ndani ya muda huo yai halili mtu, hata kama mgeni amefika.

Wazazi huniuliza: akifika mahali pa kutopona, nifanye nini? Kuku ni katika wanaoliwa, basi mwenye kujua amchinje kwa kisu kikali, kwa haraka, mbali na macho ya wenzake na watoto wadogo. Tumeamrishwa wema hata katika kuchinja, kunoa kisu na kumpumzisha mnyama. Kumkanyaga, kumzamisha kwenye ndoo au kumtupa akiwa hai jalalani si katika hayo. Akichinjwa kwa sababu ya maradhi ya kuambukiza asiliwe, kwa ajili ya madhara. Aliyekufa mwenyewe ni mfu, na hapo hapana mjadala.

Tusisahau afya yetu pia. Vifaranga hubeba salmonela hata wakionekana wazima. Mtoto aliye chini ya miaka mitano asiwabusu wala kula akiwa amewashika, na kila mtu anawe kwa sabuni. Vyombo vyao visioshwe pamoja na vya jikoni. Na kwa sisi tuliosomeshwa Shafi'i, kinyesi cha kuku ni najisi, basi boksi likae mbali na mswala wa bibi. Wenzetu Wamaliki na Wahambali wanaona kinyesi cha anayeliwa ni tohara, lakini sijui kama hata wao wangefurahia kusujudu juu yake.

Upande wa ndege wa kufurahisha macho, dalili zao ni ngumu zaidi kwa sababu ndege huficha ugonjwa mpaka ashindwe. Ukimwona amejivimbisha manyoya mchana, amefumba macho, mkia unapanda na kushuka kila anapopumua, usingoje kesho. Joto, utulivu, maji karibu, kisha daktari. Njiwa wakiwa na utando wa njano kooni kama jibini, tatizo mara nyingi liko kwenye chombo cha maji wanachoshiriki. Wenye kasuku wa zamani kutoka Kongo, msiwape parachichi, kwao ni sumu, na katika nchi iliyojaa maparachichi watoto lazima waambiwe. Mbegu za alizeti tupu hazimtoshi kasuku, ampate mboga za majani, naye aote jua, kwani kasuku wa kijivu huugua upesi kwa upungufu wa kalisi. Lakini asinunuliwe mwingine kutoka porini. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini imepigwa marufuku, na ndege huyo huweza kuishi miaka 40 na zaidi. Nani kati yetu ana uhakika wa kumtunza miaka 40?

Makinda ya porini ni jambo jingine. Kinda lenye manyoya linalorukaruka chini halijapotea, linajifunza kuruka na mama yake yuko juu ya mti anakutazama kwa wasiwasi. Muondoeni paka, muondoke na nyinyi. Lisilo na manyoya lirudishwe kiotani. Ile habari kwamba mama hulikataa kwa harufu ya mkono wa mtu si kweli. Wala msimpe mkate na maziwa, ndege hawezi kuyasaga maziwa. Abu Daud amepokea kwa Ibn Mas'ud (r.a.) kwamba Masahaba safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akawa anatandaza mbawa. Mtume (s.a.w.) aliuliza ni nani aliyemhuzunisha, akaamrisha arudishiwe wanawe. Vijana wenye manati wanaosoma hapa, na wao wanahusika.

Hapa Rwanda tunao mfano wetu mkubwa wa musambi, korongo taji. Ilikuwa fahari kwa nyumba na hoteli kuwa na musambi bustanini, amekatwa mbawa. Kuanzia mwaka 2014 wenye nao walitakiwa kuwataja bila kuadhibiwa, na zaidi ya 200 wakatolewa majumbani. Waliofaa walipelekwa Hifadhi ya Akagera. Walioharibika mbawa wasiweze tena kuishi porini wana makazi yao Umusambi Village, hapa hapa Kigali. Wapelekeni watoto wakawaone, ni somo zuri kuliko hotuba yangu.

Kuna watakaosema: sheikh, watu hawana chakula, wewe unazungumzia vifaranga. Nami naona ni nyumba hizo hizo za watu wa chini ambako kuku sita ndio akiba ya benki, na akiba hiyo hufa kwa kukosa kidumu cha maji ya moto na tone moja la chanjo. Na walio na uwezo ndio wanaonunua vifaranga vya Idd. Kwao wao, kama hamna boksi, joto na mtu mzima wa kuamka usiku, mnunulieni mtoto mpira.

Na mtoto ambaye kifaranga wake amekufa msimnyamazishe. Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik (r.a.), alikuwa na kidege chake, kikafa. Mtume (s.a.w.), pamoja na mambo yote ya umma aliyoyabeba, alimkuta mtoto ana huzuni akazungumza naye kwa upole na utani, akamwulizia kidege chake kwa jina. Mwanachuoni wa Kishafi'i Ibn al-Qass alitoa katika hadithi hiyo fupi faida zipatazo 60. Sisi tungeanza na moja, ya kuuliza. Mwulize mtoto kifaranga alianza kuumwa lini, alikunywa maji au hakunywa, alilala wapi. Mchimbeni pamoja shimo la kina cha nusu mita, mbali na kisima, paka na mbwa wasimfukue, wala asitupwe mtaroni. Boksi lichomwe, vyombo vioshwe kwa dawa ya kuulia vijidudu na kuanikwa juani, na kifaranga mwingine asiletwe mpaka yamejulikana majibu ya maswali hayo.

Wallaahu A'lam.